Siku Nne Torquay

Habari ya kifo cha kaka yake ilimkuta Peris Jeptoo akiwa amepiga magoti sakafuni, akikunja soksi za mtu mwingine.

Ilikuwa Jumatatu mchana, mwisho wa Februari, katika nyumba moja ya Ilford, mashariki mwa London. Soksi zilikuwa za Mama Jaswant, bibi wa Kisingasinga mwenye miaka themanini na mitatu ambaye Peris alikuwa akimtunza kwa mwaka wa pili sasa. Simu ikalia. Alikuwa shemeji yake Tatiana, mke wa Kibet, akipiga kutoka Nandi, Kenya. Tatiana hakuzunguka. Alisema Kibet alianguka asubuhi akipeleka maziwa, watu wakamwinua, wakampakia kwenye gari, na hakufika hospitali.

"Peris, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Tutamzika Ijumaa, saa tano."

"Sawa," Peris alisema.

Kutoka ghorofani Harjit, binti wa Mama Jaswant, aliuliza kwa sauti glavu ngapi zimewekwa kwenye sanduku la safari. Peris akaangalia. "Mbili," akajibu. Kisha akachukua soksi iliyofuata akaikunja.

Baadaye alijaribu mara nyingi kueleza kwa nini hakusema kitu saa ile. Hakuwa akificha. Ni kwamba alikuwa ameshajibu swali la glavu, na baada ya kujibu swali la glavu, hakuona mahali pa kuanzia. Harjit akashuka, wakazungumza kuhusu dawa. Saa ikapita, halafu siku. Na habari ya msiba, usipoitoa ingali moto, inazidi kuwa ngumu kuitoa.

Peris alikuwa na miaka arobaini na moja. Alifika Uingereza miaka mitatu nyuma kwa viza ya watunzaji, akaishi chumba kimoja cha kupanga Seven Kings, jirani na Gakii, mwanamke wa Meru aliyefanya kazi kama yake. Viza ilikuwa imekaribia kuisha, na ombi la kuiongeza lilikuwa Home Office, kwa watu wa uhamiaji, tangu Januari. Sheria aliijua kwa moyo: ukitoka nje ya nchi kabla hawajajibu, ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwenda kuzika halikuwepo. Jumatatu ile hakulifikiria hata kidogo. Ndilo jambo lililomshangaza zaidi, kwamba hakuhitaji kulia ili akubali.

Na Kibet hakuwa kaka wa mbali. Baba yao alipofariki Peris akiwa darasa la sita, Kibet ndiye aliyebaki akichuma majani chai, akiamka na ukungu, ili yeye aendelee na shule. Tangu Peris afike London, Kibet alimpigia kila Jumapili jioni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza tu, "Huko kumenyesha?" na Peris angemwambia, naye angesema, "Hapa bado," au, "Hapa tangu jana," kama watu wawili wenye shamba moja.

Jumatano wakasafiri. Safari yenyewe ilitokana na bafu. Mafundi walikuwa wanavunja bafu la zamani nyumbani kwa Harjit ili waweke la kuogea mtu akiwa amekaa, na kwa siku nne kusingekuwa na maji juu wala njia ya kupita. Rafiki wa Harjit aitwaye Rupinder alikuwa na nyumba ndogo huko Torquay, pwani ya kusini magharibi, na mwenyewe alikuwa India kwa majira yote ya baridi. Basi ikapangwa Peris ampeleke Mama Jaswant huko, wakae hadi Jumamosi.

"Huko ni joto zaidi kuliko hapa," Harjit alisema kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili alikielewa lakini hakukisema. "Kuna hata minazi."

Mama Jaswant, aliyezaliwa Nakuru na kuolewa Nairobi, alimgeukia Peris. "Yeye anasema minazi. Wewe amini?"

"Tutaona, mama."

Walipanda treni ya Elizabeth line pale Ilford mpaka Paddington, na hapo mfanyakazi wa stesheni akawawekea ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu kwenye treni ya magharibi. Saa tatu za njiani. Baada ya mji wa Exeter reli ikaja kando ya maji kabisa, kiasi kwamba mawimbi yaligonga ukuta na matone yakapiga dirisha. Mama Jaswant alipiga makofi kama mtoto. Peris aliangalia maji ya rangi ya kahawia yakipanda na kushuka. Alijua kwamba ni kitu cha kuangaliwa, basi akakiangalia.

Mlangoni mwa friji Rupinder alikuwa amebandika karatasi ya maelezo, mistari mingi ya mwandiko wa haraka, kwa ajili ya wageni wanaokuja nje ya msimu. Jioni ile Mama Jaswant alitaka asomewe. Peris akasoma kwa Kiingereza na kugeuza kwa Kiswahili.

"Anasema tusitumie mwavuli. Upepo utaugeuza tubaki na vijiti."

"Halafu?"

"Theluji hatutaiona. Hata sakitu, ile barafu ya alfajiri kwenye nyasi, ni mara chache. Baridi ya hapa si ya London, hapa adui ni unyevu. Utaingia mpaka kwenye mkate. Nguo tusizianike ndani, hazitakauka."

"Mkate!" Mama Jaswant alicheka. "Endelea."

"Mvua ikianza, tusikimbilie nyumbani. Tusimame chini ya kibanda dakika ishirini, itapita. Lakini tusiamini jua pia." Peris akabandua karatasi, akaigeuza. "Mikahawa ya ufukweni mingi imefungwa mpaka Pasaka. Na tusiguse bahari. Anasema watu wanadanganyika, wanaona maua yametoka, hewa ni laini, wanafikiri maji pia yamepungua ubaridi. Kumbe mwisho wa kipupwe ndipo bahari ina baridi kuliko miezi yote. Nchi kavu imeanza kupata joto, bahari bado haijapata habari."

"Huyu Rupinder," Mama Jaswant alisema, "angekuwa mwalimu."

Na yote yalikuwa kama alivyoandika. Alhamisi asubuhi kulikuwa na manyunyu membamba yasiyosikika, ambayo hujui kama yananyesha mpaka uone mikono yako. Saa nne jua likatoka kali, barabara ikang'aa, wakatoka. Peris alimsukuma Mama Jaswant kwenye njia ya ufukweni. Kulikuwa na wazee wawili wawili wenye mbwa, duka la aiskrimu lililofungwa kwa mbao, na kwenye bustani maua ya manjano yameshachanua wakati London yalikuwa bado matumba. Miti aliyoisema Harjit waliikuta imepangwa kando ya barabara, shina jembamba na majani makali juu.

Mama Jaswant aliikagua. "Huu si mnazi. Huu ni ndugu ya mkonge."

"Ni kweli."

"Wewe leo unasema 'ni kweli' tu. Jana pia. Umekuwa shahidi kortini?"

"Nimechoka kidogo na safari, mama."

Bibi alimtazama kwa muda, kisha mvua ikashuka kutoka kwenye wingu ambalo halikuwepo, wakaingia kibandani. Baada ya dakika ishirini ikapita. Usiku Peris alilala vizuri, bila ndoto. Alipoamka alijisikia vibaya kwa sababu alikuwa amelala vizuri.

Ijumaa saa tano ya Kenya ni saa mbili asubuhi ya Uingereza. Saa moja Peris alimwosha Mama Jaswant, akamvalisha, akamchana nywele na kuzisuka msuko mmoja, akampa chai ya maziwa na dawa zake, akamkalisha sebuleni dirishani. Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akaisimamisha simu kwenye kopo la sukari na kufungua link ya mazishi aliyotumiwa na Tatiana.

Aliyekuwa anarekodi alikuwa amesimama nyuma sana. Peris aliona migongo. Aliona miavuli, na sekunde chache akadhani kumenyesha, kisha akaona vumbi jekundu na vivuli vifupi, akakumbuka kuwa ni kiangazi na miavuli ilikuwa ya jua. Mchungaji alisema kitu, upepo ukala maneno. Aliona bega la Tatiana. Watu wakaanza wimbo wa Kinandi ambao yeye na Kibet waliimba Sunday school, na jeneza likaanza kushuka, na hapo picha ikaganda. Jeneza lilibaki limening'inia kwa kamba, nusu ndani, nusu nje, dakika nne nzima. Picha iliporudi, vijana walikuwa wameshajaza udongo na mtu alikuwa anatafuta jembe.

Peris akazima simu. Kwenye sinki kulikuwa na kikombe. Akakiosha. Akakiosha tena.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Mama Jaswant alikuwa amekuja peke yake na fremu yake ya kutembelea, anahema, kitu ambacho hakutakiwa kufanya.

"Nani amekufa?" akauliza.

Peris aligeuka na kikombe mkononi. "Mama, mbona umesimama? Utaanguka."

"Mimi nimekaa Kenya miaka ishirini na tano. Wimbo ya kuzika najua. Nani?"

"Kaka yangu. Kibet."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu!" Bibi akavuta kiti, akaketi kwa shida. "Jumatatu wewe ulikuwa unapanga soksi yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mama Jaswant hakusema pole. Alilaza mikono yake juu ya fremu, akaanza kuzungumza akiangalia sakafu.

"Baba yangu alikufa Nakuru, mwaka wa sabini na mbili. Mimi nilikuwa tayari London, na Harjit tumboni. Simu hakuna, barua tu. Barua ilifika baada ya siku kumi na tisa. Unaelewa? Siku kumi na tisa mimi nilikuwa nakula, nacheka, nanunua vitunguu, na baba ni majivu zamani. Niliposoma, nikaweka barua kwenye droo, nikapika chapati. Mume wangu alirudi kazini akakula. Hakujua mpaka kesho yake."

"Ulilia lini?"

"Sikumbuki," Mama Jaswant alisema. "Hiyo ndiyo kitu sikumbuki."

Mama Jaswant akachukua kikombe mkononi mwa Peris, akakiweka chini.

"Leo hakuna kazi," bibi akasema. "Kaa tu."

"Nikikaa sijui nitafanya nini, mama. Afadhali nifanye."

"Basi tutoke. Kwetu, mtu akitoka kuchoma maiti anaoga kabla ya kurudi nyumbani. Na kwenu?"

"Kwetu watu wananawa mikono."

"Twende ukanawe."

Upepo ulikuwa umebadilika. Ulitoka baharini, wa mvua na chumvi, si mkali kwa baridi lakini mzito, unasukuma kama mtu. Ufukwe ulikuwa mtupu. Peris alimweka Mama Jaswant kwenye sehemu iliyokingwa na ukuta, akafunga breki mbili za kiti, akamfunika blanketi na koti la mvua. Kisha akashuka ngazi za zege zilizokuwa na majani ya bahari.

Alikusudia kunawa mikono. Alipoinama akaona mikono pekee haitoshi, akavua buti na soksi, akakunja suruali, akaingia mpaka katikati ya vigimbi.

Mwanzoni maji yaliuma vibaya, kama vile mifupa inabanwa na koleo. Akasimama. Maumivu yakaendelea kidogo, yakapungua, yakaisha. Akaangalia chini akaona miguu yake juu ya kokoto, ya rangi nyingine, na hakuisikia kabisa. Kulikuwa kimya sana mle ndani ya miguu. Akafikiri kuwa hivi ndivyo amekuwa tangu Jumatatu, na kwamba hapa angalau kuna sababu. Hakuwa na nia mbaya. Alikiri hivyo baadaye kwa Gakii, na Gakii alimwamini. Ila pia hakuwa na nia ya kutoka. Wimbi likamfika magotini, lingine likalowesha mapaja.

"Peris!"

Alisikia, akadhani ni ndege wa baharini.

"Peris! Toka! Toka sasa hivi!"

Akageuka. Mama Jaswant hakuwa kwenye kiti. Blanketi lilikuwa linaruka barabarani. Bibi alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika reli ya chuma, mwingine umeinuliwa, shali yake inapigwapigwa na upepo, na mguu wake wa kulia, ule usiokunjika, ulikuwa unatafuta ngazi ya kwanza.

Peris akakimbia. Lakini alikuwa anakimbia kwa miguu asiyoisikia, na kwenye ngazi ya pili mguu ukateleza, akaangukia goti na muundi, akainuka, akapanda kwa mikono na magoti, akamkumbatia bibi kiunoni kabla hajashusha mguu. Wakabaki hivyo, wamelowa, wote wanatetemeka. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa akaja mbio kutoka barabarani na blanketi, akawasaidia kufika kwenye kiti. Aliuliza kwa Kiingereza kama wako sawa. Peris akasema wako sawa. Mzee akaonyesha mguu wake. Damu ilikuwa inatiririka kutoka kwenye muundi mpaka kidole gumba, na yeye hakuwa ameisikia.

Nyumbani Mama Jaswant akatoa amri akiwa kitini. Beseni. Maji. "Si moto! Ya moto itakuunguza na hutajua. Vuguvugu." Peris akakaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni, na bibi, aliyekuwa hajamtumikia mtu kwa miaka sita, akainama na kikombe, akawa anachota na kumwagia maji kwenye vifundo. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu vikaanza vidole, kama sindano, vikapanda juu, na kidonda kikaamka.

"Inauma," Peris alisema, kwa mshangao.

"Ndiyo. Itauma." Bibi akachota kikombe kingine. "Hata mimi goti yangu inauma kwa sababu yako. Mjinga wewe."

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe. Sasa niambie huyo Kibet alikuwa nani."

Peris akamwambia. Alizungumza karibu saa nzima, sauti ile ile moja, bila machozi, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Mama Jaswant alisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi mawimbi yalikuwa yanaruka juu ya reli, treni zikasimamishwa, wasafiri wakapelekwa kwa basi mpaka Exeter. Walifika Ilford jioni. Harjit aliwafungulia mlango, anang'aa kwa furaha ya bafu jipya.

"Hali ya hewa ilikuwaje?"

"Haikuwa mbaya," Peris alisema. "Mvua kidogo. Upepo."

"Ndugu yake amezikwa jana," Mama Jaswant alisema, kwa Kiswahili, ili wote wawili waelewe na asiwepo wa kukwepa.

Harjit aliwatazama wote wawili. Alishika ukingo wa mlango. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na alikuwa na hasira ya kweli, ile ya mtu aliyefanywa mbaya bila kujua. "Nisingekuacha uende. Ungeniambia, Peris."

"Sikujua niseme nini."

Harjit alimwondolea koti yeye mwenyewe, akalitundika. Usiku huo huo aliipigia simu kampuni iliyomwajiri Peris, akamwombea wiki moja ya mapumziko. Gakii akawaita akina mama wa kanisani, wakaja Jumatatu, wakajaa kwenye chumba kile kidogo cha Seven Kings, wengine wamekaa kitandani, wakaomba, wakaimba, wakapika ugali na sukumawiki. Waliombea machozi ya Peris. Peris alisema amina. Alikula, akaosha vyombo. Wiki ilipoisha alirudi kazini, na Machi ikapita, na Aprili, na watu wakaacha kumwangalia kwa makini.

Majibu ya Home Office yalikuja Mei. Likizo aliipata Agosti.

Tatiana alimpokea uwanja wa ndege wa Eldoret, na asubuhi iliyofuata akampeleka kaburini, nyuma ya nyumba, kando ya mahindi. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Nyasi zilikuwa zimefunika udongo kabisa. Peris alisimama kama dakika kumi. Alisoma jina kwenye msalaba. Akangoja, lakini hakuna kilichokuja. Akamwambia shemeji yake, "Twende."

Walipokuwa wakirudi wakakuta ng'ombe mmoja amevunja ua na kuingia shambani. Tatiana akaokota fimbo, akapiga kelele, wakamkimbiza wote wawili kati ya mistari ya mahindi, majani yaliyolowa yakiwachapa usoni. Tatiana akapoteza kiatu kwenye matope. Ng'ombe akazunguka, akawapita upande wa pili, mkia juu. Peris akasimama katikati ya shamba, anahema, akasikia sauti inatoka kifuani mwake, akadhani anacheka.

Tatiana aligeuka kumtazama. Akaitupa fimbo, akaja na mguu mmoja peku, akamshika kwa mikono miwili. Walikaa chini pale pale kwenye matope, na ng'ombe akaendelea kula mahindi.